Maziwa ya Watu wa Chemba

Kopo la maziwa mazito likiwa zima, halijabonyea wala kushika kutu, nililinunua kwa watu wa chemba, wazibuaji wa majitaka wa kampuni ya maji, kwa robo tatu ya bei ya dukani. Lililobonyea, nusu. Bei hiyo niliiweka mwenyewe na hakuna aliyenibishia, mpaka siku Ngadimin aliposimama mbele ya kibanda changu, viatu vya mpira mkononi, akidai kopo lililobonyea halina maziwa pungufu.

"Yu Warsini, maziwa yamo ndani. Lililobonyea ni bati."

"Mteja wangu ananunua kwa macho, Kang."

"Basi mmiminie kwenye kahawa, kopo asilione kabisa. Hapo utanilipa bei gani?"

Nililipa robo tatu. Alikuwa na haki, na mimi nikiona nashindwa hukubali upesi, mtu asije akapata nafasi ya kufikiria zaidi. Yu ni dada, Kang ni kaka, na tangu siku hiyo tuliitana hivyo kwa moyo, na hatukuacha kubishania bei.

Kibanda kiliegemea ukuta wa yadi ya kampuni ya maji ya mji, karibu na lango la magari ya kunyonya majitaka. Pabaya kwa pua, pazuri kwa biashara. Hakuna mwenzangu aliyetaka kuuza wali pale, kwa hiyo kodi ilikuwa ndogo na ugomvi haukuwapo. Watu wa ofisini walikula kwingine. Watu wa chemba walikula kwangu, wali na mboga za mchuzi wa karanga, tempe ya soya ya kukaanga, kahawa nyeusi. Walinawa mara mbili kwenye bomba la yadi, na bado nilikuwa na benchi lao na benchi la wengine.

Ngadimin alikuwa msimamizi wao. Mtu mfupi, mabega mapana, sauti ya juu kama ya kuitana bondeni. Kazi yao ilikuwa kufungua mfuniko wa barabarani, kungoja hewa mbaya itoke, kisha mmoja kushuka na kamba kiunoni kuzoa tope lililoziba mabomba ya zamani. Mshahara wao ulikuwa ule ule wa msoma mita, kwa daraja lao. Juu yake posho ya chemba isiyotosha hata sabuni. Mchele wa mwezi, viatu mara moja kwa mwaka, mshahara wa ziada kabla ya Idi. Hayo wote waliyapata. Kitu kimoja tu kiliwatenga: kila Jumamosi bohari iliwapa watu wa chemba makopo ya maziwa. Watu wa pampu hawakupewa, wala makarani. Wazee walisema maziwa huosha kifua.

"Maziwa yanaingia tumboni, hewa inaingia kifuani," Ngadimin alisema. "Yatakutana wapi?"

"Yatakutana kwa Yu Warsini," akajibu Sumpeno, mwenzake mwenye mdomo mrefu kuliko wote. "Huko ndiko yanakoishia."

Ni kweli. Wengine waliwapelekea watoto, wengi waliniuzia mimi. Hakuna mwanamume mzima niliyemwona akilinywa kopo lake.

Lakini maziwa yalibeba kitu kingine, na kila mtu wa chemba alikijua. Katika mkataba wa hali bora kati ya kampuni na wafanyakazi, kipengele cha maziwa kilikuwa na mkia: anayepokea maziwa atastaafu akitimiza miaka hamsini, kwa pensheni kamili ya kila mwezi. Wengine wote, hamsini na sita. Miaka hiyo sita ndiyo iliyowafanya vijana wenye akili zao wakubali kushuka kule chini.

Ngadimin aliingojea hamsini yake kama mtu anavyongoja basi analoliona likija. Msimamizi aliyemtangulia, Pak Kromo, yaani Mzee Kromo, alifika hamsini akaomba aendelee kwa sababu ya kuwaozesha mabinti zake. Alikohoa kwenye benchi langu mpaka wateja wengine wakahama, na hakuimaliza miaka yake. Ngadimin alimbeba kwenda kaburini, na waliporudi kula aliniambia, mbele ya mke wake, "Mimi hamsini natoka, na kifua changu nikiwa nacho."

Mke wake, Lasminah, alilishika neno hilo. Walikuwa na shamba la urithi Kedungwaru, juu milimani, ardhi kavu ya matuta ya mawe, inayofaa karanga na muhogo na mbuzi. Binti yao alipoanza shule ya mjini na kukaa kwa shangazi yake, Lasminah alipanda mlimani kuliandaa shamba. Kila soko la Pon, linalorudi kila baada ya siku tano, alishuka na magunia ya karanga, nami nikazinunua kwa ajili ya mchuzi wangu. Alikuwa mgumu kuliko mume wake.

"Yu, hizi si karanga za kwenye mchanga. Zionje."

"Nimeonja. Ndogo."

"Ndogo kwa sababu zimejaa mafuta. Kubwa zimejaa maji. Wewe unauza mchuzi au unauza maji?"

Kisha, tukishakubaliana, alikaa na mume wake kwenye lile benchi la watu wa chemba, wakapanga. Wapi lijengwe zizi. Tuta gani lianze. Ngadimin alichora kwa kidole kilicholowa kahawa juu ya meza yangu, na mimi nikafuta baada yao.

Alikuwa amebakiza miaka michache hivi wakati ofisi ilipomwita kuhusu maziwa. Afisa utumishi mpya, Pak Hendratmo, kijana msafi wa mashati ya mikono mirefu, alikuwa ameona makopo ya kampuni yamepangwa kibandani kwangu. Hakukasirika. Alisema kama watu wanauza maziwa, basi wapewe fedha, kila mmoja anunue anachotaka. Ngadimin ndiye aliyekuwa mwakilishi wao, kwa sababu ya mdomo wake kwenye bei. Kabla ya kwenda alipitia kwangu.

"Yu, kopo moja dukani sasa ni kiasi gani?"

Nikamwambia.

"Nikidai bei ya makopo mawili kwa kila kopo?"

"Dai manne, ushuke mpaka mawili na nusu."

Akacheka, akaenda. Mimi nilikuwa na kazi. Tangu jana yake ofisi ilikuwa imeniagiza mnara wa wali wa manjano wa karamu, mkubwa, na kuku, mayai, na mboga za kuuzungushia. Karani aliyeleta agizo alilipa nusu mkononi, hakunibishia hata kidogo. Nilidhani wanazindua pampu.

Ngadimin alirudi kabla sijamaliza kukaanga. Anang'aa.

"Matatu, Yu! Bei ya makopo matatu kwa kila kopo moja!"

"Ulianza na ngapi?"

"Na hayo hayo matatu. Nilisahau kuanza na manne."

"Nao walianza na ngapi?"

"Hawakuanza. Nilisema matatu, Pak Hendratmo akanipa mkono."

Nikaweka upawa chini. Mtu anayekubali kabla hujamaliza kusema, kuna kitu amepata ambacho wewe hukukihesabu. Nilimwambia hivyo. Kisha nikamwonyesha ule mnara wa wali uliokuwa ukipoa nyuma yangu.

"Unauona huu? Ni wa karamu yenu. Niliagizwa jana. Kang, jana mlikuwa hamjaanza kuongea."

Aliutazama, akatabasamu. "Basi walijua nitashinda."

"Walisema nini hasa? Maneno yao."

"Wanaondoa kipengele cha maziwa, wanaweka cha fedha. Kesho karatasi itapigwa chapa."

"Basi karamu iwe kesho, baada ya karatasi."

"Yu, wameshawaita watu. Mkurugenzi mwenyewe anashuka. Nikamwambie arudi juu?"

Kwetu mkubwa akishuka kwenye mkeka hakuna wa kumrudisha. Nilipeleka wali. Wote walikaa chini uani, watu wa chemba mbele kwa mara ya kwanza, makarani nyuma. Imamu wa mtaa akaomba dua. Mkurugenzi akakata ncha ya mnara, akaiweka kwenye jani la mgomba pamoja na paja la kuku, akampa Ngadimin kwa mikono yote miwili. Hiyo ni heshima ambayo mtu wa majitaka haoti kuiona. Ngadimin aliipokea ameinama, akala mbele ya watu wote. Baada ya ncha ile kuliwa, jambo limekwisha, na Mungu amesikia. Hendratmo alikuja mjini juzi tu, lakini mama yake ni wa hapa hapa. Alijua anachoagiza.

Karatasi ilikuja kesho yake, wakati wa chakula. Ngadimin aliisoma kwenye benchi, akasoma tena, akampa Sumpeno.

"Mkia uko wapi?"

"Mkia gani?"

"Wa miaka hamsini."

Sumpeno alitafuta kwa kidole. Kipengele cha zamani kilikuwa kimeondolewa chote, kichwa na mkia. Mahali pake palikuwa na mstari mmoja: posho ya maziwa, kiasi kadhaa cha rupia kwa mwezi. Kuhusu kustaafu, kimya.

"Wamesahau," Sumpeno akasema.

"Hawakusahau," mimi nikasema kutoka jikoni. "Nendeni sasa hivi, kabla karatasi haijafika kwa meya kutiwa sahihi."

Wenzao wote walikuwapo. Mmoja alisema angeona aibu hata kupita mbele ya mlango wa mkurugenzi. Mwingine alisema, tumeshakula, tutasema nini, kwamba kuku alikuwa mbaya? Kijana mmoja, mwenye miaka mingi bado mbele yake, alikuwa ameshakopa pikipiki kwa kutegemea posho ile. Wakamtazama Ngadimin. Yeye ndiye aliyekula ncha.

"Nitaongea naye polepole," alisema mwisho. "Baada ya Idi, watu wanapotembeleana kuombana radhi, huko ndiko unapenyeza neno."

"Penyeza leo, Kang," nikamwambia. "Leo wanaona haya kidogo. Baada ya Idi watakuwa wamezoea."

"Yu, wewe ni mtu wa soko. Huko juu hawaongei kisoko."

"Wameongea nini jana kama si kisoko?"

Ngadimin alikunja karatasi, akanywa kahawa yake. Nimekaa na wanunuzi na wauzaji tangu nilipokuwa nabeba kapu la karanga mgongoni mtaa kwa mtaa, na nimeona watu wakipoteza fedha kwa tamaa, kwa ujinga, kwa haraka. Yule sikumwona na tamaa wala ujinga. Aliona shimo liko wapi, akashindwa kurudi nyuma hatua moja kwa sababu watu walikuwa wanamtazama.

Baada ya Idi alikwenda kweli, na shati lake la batiki. Pak Hendratmo alimpokea vizuri, akampa biskuti, akasema litaangaliwa. Likawa linaangaliwa mpaka alipotimiza hamsini.

Siku hiyo Lasminah alishuka ingawa haikuwa siku ya soko. Alikuwa ameezeka upya nyumba ya mlimani, ameleta kigari cha kukodi kwa ajili ya kitanda na kabati. Tulimngoja Ngadimin wote pamoja, kigari kikiwa mlangoni. Akatoka langoni, akaja akakaa, akaanza kumwigiza Hendratmo kwa sauti ya puani, mpaka Sumpeno na wenzake wakacheka.

"'Pak Ngadimin, kwa mujibu wa mkataba, wewe ni mfanyakazi wa kawaida.' Nikamuuliza, wa kawaida anashuka chemba? 'Kushuka ni jukumu, Pak, si daraja.' Nikamwambia, basi turudishieni makopo yetu, na fedha zote nitazirudisha, nikiuza hata baiskeli. 'Bajeti ya maziwa haipo tena, Pak. Bohari hainunui.' Nikasema nitanunua mwenyewe! Niko tayari kunywa hapa mezani kwako, unishuhudie! Akanipa biskuti."

Walicheka. Lasminah hakucheka.

"Kwa hiyo?" aliuliza.

"Kwa hiyo miaka sita."

"Na ukiacha leo?"

"Nikiacha leo wananirudishia nilichokatwa, mara moja, basi. Pensheni hakuna. Na mtoto ndiyo kwanza ameingia chuo cha uuguzi."

Lasminah alipangusa vumbi la njiani kwenye goti. Kisha akamwambia mume wake, si kwa sauti kubwa, "Ungeyanywa tu, Mas. Miaka yote ile. Ungeyanywa tu ukanyamaza."

Alimlipa mwenye kigari nusu, baada ya kubishana naye, akarudi naye mlimani, kigari kikiwa kitupu.

Ile miaka sita ilikwenda vibaya kuliko alivyodhani mtu. Rupia ilianguka, bei zikapanda kila nilipogeuka, na posho ya maziwa ilibaki ile ile iliyoandikwa. Kwa kila kopo la zamani, kwanza ilinunua makopo matatu, kisha moja, kisha nusu, na hakuna duka linalouza nusu kopo. Ofisi ikaacha kuajiri watu wa chemba. Ilileta vijana wa mkandarasi, wanaolipwa kwa siku, wasio na mchele, wasio na viatu, wasio na mkataba wa kusoma. Wale wa zamani wakabaki wachache, kwa hiyo msimamizi akashuka mwenyewe mara nyingi kuliko alipokuwa kijana. Alianza kukohoa asubuhi tu. Halafu asubuhi na jioni. Halafu akahamia mwenyewe mwisho wa benchi, karibu na barabara, ili asiwasumbue wateja. Sikumwambia ahame. Wala sikumwambia arudi.

Hendratmo alipandishwa cheo akahamia mji mwingine. Watu walimfanyia karamu ya kumuaga. Wali niliupika mimi, kwa bei kamili.

Ngadimin alistaafu kwa siku yake, hakuna aliyemzuia. Alipewa pensheni yake kamili ya mfanyakazi wa kawaida, saa ya ukutani, na mkono. Alipanda Kedungwaru na kitanda chake na kabati lake, na kwa muda sikumsikia.

Mwaka uliofuata karanga za sokoni zilipanda bei kiasi kwamba niliona afadhali nizifuate zinakotoka. Nikapanda lori la mkaa mpaka Kedungwaru. Shamba lao si la kuulizia. Linaonekana kutoka barabarani, matuta juu ya matuta kama ngazi, na mbuzi wamefungwa ukingoni. Lasminah alikuwa juu kabisa na vibarua wawili waking'oa. Ngadimin alikuwa chini, kando ya barabara, kwenye kibanda kidogo cha mianzi chenye mizani. Alikuwa amejengewa hapo. Kupanda mpaka tuta la kwanza alikuwa anaweza, akipumzika. La pili hawezi. Lile alilonichorea mezani kwangu kwa kahawa, kwamba ndilo litakaloanza, lilikuwa la tano.

"Nalijua shamba langu kwa gunia," aliniambia. Alisema kidogo kidogo, akivuta pumzi katikati. "Linaloshuka kavu, la juu. Lenye udongo, la chini."

Nilionja karanga. Ndogo, zimejaa mafuta. Nikataja bei yangu ya kuanzia, ile ambayo mtu mwenye akili hawezi kuikubali, maana ni ya kufungulia mlango tu.

"Sawa, Yu," akasema, akashika mizani.

Nilingoja. Kwa mazoea nikajiuliza amepata nini, mbona amekubali upesi hivyo. Nikatazama magunia kama chini yameloweshwa, nikatazama jiwe la mizani kama limechongwa. Hapakuwa na kitu. Alikuwa anabania pumzi zake tu, azitumie kunyanyua gunia.

Sikuwahi kubishana bei peke yangu. Nilisimama pale, nikawaza angeniambia nini zamani, labda lile la mke wake, nauza mchuzi au nauza maji, na mimi ningejibu nini, na angenipandisha mpaka wapi. Nilipofika kwenye bei hiyo nikamhesabia fedha zake.

Alizitazama fedha mkononi. "Umezidisha."

"Sijazidisha. Hapo ndipo ungenifikisha."

Lasminah alituita kutoka juu, akiuliza kama Yu Warsini amepunja. Ngadimin aligeuka, akafungua mdomo kumjibu, akaufunga. Sauti isingefika kule. Akainua mkono mmoja, na mke wake akaendelea kung'oa.